Mkuu wa Shule Mwenye Pini Mdomoni

Mtaa mzima ulimwita Mkuu wa Shule, ingawa hakuwahi kusimama mbele ya ubao hata siku moja. Jina hilo alipewa kwa kejeli, akalipokea kwa kicheko, na leo tunapomsindikiza hakuna tena anayelitamka kwa kejeli. Haya ndiyo maisha ya mume, baba, kaka na fundi wa mapazia, kama familia yake inavyoyafahamu.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1966 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba cha mwisho kabla ya ghala la mizigo, akiwa mtoto wa pili kati ya watatu. Baba yake alikuwa karani wa mizigo na mama yake alishona sare. Dada yake mkubwa, ambaye familia yote humwita Shangazi, anamkumbuka kama mtoto mkimya aliyependa kukaa chini ya cherehani ya mama, akiokota vipande vya vitambaa na kuvipanga kwa rangi. "Ungedhani hayupo," Shangazi husema, "mpaka umkanyage."

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli kuanzia mwaka 1973 hadi 1979, kisha akaingia sekondari mwaka 1980. Alijaliwa kumbukumbu ya ajabu. Aliweza kukariri ukurasa mzima wa historia, nukta na mkato. Lakini katika mtihani wa mwisho wa mwaka 1983 maswali yaligeuzwa kidogo, naye akajikuta mgeni katika somo lake mwenyewe. Hakuchaguliwa kuendelea. Jambo hilo hakulificha kamwe. Watoto wake walilisikia mara nyingi, tena akiwa anacheka: "Mimi nilikuwa na majibu yote. Tatizo, waliuliza maswali mengine." Alijiunga na chuo cha ufundi, akahitimu ushonaji mwaka 1986.

Mwaka uliofuata aliajiriwa katika karakana ya samani, akishona mapazia na vitambaa vya makochi, hadi alipofungua karakana yake mwaka 1998 katika chumba cha mbele cha nyumba ya familia. Wengi waliopo hapa wanakijua chumba hicho: cherehani mbili dirishani, mabunda ya vitambaa hadi darini, na katikati ile meza ya kukatia, ndefu kuliko kitanda chochote ndani ya nyumba. Wanakumbuka pia kwamba ukimkuta kazini hukujibiwa salamu kwa maneno. Alikuwa na pini midomoni, zimepangwa kama meno ya kitana. Aliitikia kwa kichwa, akakuonyesha kiti.

Pini hizo ndizo zilizompatia mke. Mwaka 1993 alitumwa kutundika mapazia katika wodi ya wazazi. Mkunga mmoja kijana akaja kusimama nyuma yake, mikono kiunoni.

"Fundi, haya mapazia yanamficha nani? Tazama, miguu yote iko nje! Au wewe umesikia wapi mama anajifungua bila miguu?"

Fundi akatikisa kichwa taratibu kumwashiria aendelee.

"Walituambia umepima mwenyewe. Sasa ulipima nini? Hapa chini pamebaki nafasi ya mbuzi kupita. Ungeanzia hapa kwenye fito, ushuke... ngoja. Hizi fito si zilikuwa chini zaidi? Nani amezipandisha?"

Fundi akatikisa kichwa tena.

"Aa! Ni wale wapaka rangi. Wamezirudisha juu mno. Sasa kwa nini hukuniambia, ukaniacha napayuka mbele za watu?"

Ndipo alipotoa pini mdomoni. "Ulikuwa unaelekea vizuri, dada."

Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 16 Desemba 1995. Mungu aliwajalia watoto watatu: binti mwaka 1997, kijana mwaka 2000, na kitinda mimba, wa kike, mwaka 2006.

Mwaka 2010 binti yao mkubwa aliugua mfupa wa paja. Alilala miezi mingi, mguu umefungwa plasta ngumu, na alipopata nafuu shule ikataka arudie darasa pamoja na watoto aliowaacha nyuma. Binti akagoma. "Afadhali nibaki na mapazia," alisema. Marehemu akakisogeza kitanda chake hadi kwenye meza ya kukatia, akatafuta mtaala na mitihani ya miaka iliyopita, akamwambia mkewe kuwa ni kwa wiki chache tu. Wiki hizo zilidumu miaka kumi na minne. Mguu ulipopona, binti hakutaka kuondoka, na mdogo wake wa kiume akaja na blanketi lake. "Kama ni shule ya kulala," alisema, "hata mimi naumwa."

Haikuwa shule ya kulala. Mama yao alifundisha baiolojia na kemia siku ambazo hakuwa zamu, na mwalimu mstaafu wa jirani alikuja kuongoza hesabu. Yaliyobaki watoto walisoma wenyewe vitabuni, kisha, kabla ya chakula cha jioni, kila mmoja alisimama upande wa pili wa meza na kumweleza baba yao somo la siku huku yeye akibana pindo. Hakujifanya anajua. "Kemia mimi sijui," alisema. "Ndiyo maana nataka unieleze." Kisha akaweka pini mdomoni, na mtoto akabaki peke yake na somo lake. Kichwa kikitikisika, endelea. Pini zikianza kutoka mdomoni, moja baada ya nyingine, ujue kuna mahali umeruka na swali linakuja. Ukifika mwisho salama, alizichomeka zote kwenye kimto chake cha pini na kusema neno moja: "Imeeleweka." Hakuna cheti ambacho watoto wale waliwahi kukitamani kuliko neno hilo.

Si wote walioridhika. Shangazi alikuja na mkoba wake, akaketi katikati ya chumba, akasema wazi: "Unacheza na maisha ya watoto. Mtoto si pazia, eti ukikosea unafumua."

"Dada, kinyume chake," marehemu akajibu. "Pazia nikilikata vibaya limekwisha. Mtoto ndiye anayefumulika."

"Tutaona siku ya mtihani."

Siku hiyo ilifika mwaka 2014, na Shangazi nusura ashinde. Binti mkubwa aliingia ukumbini kama mtahiniwa wa kujitegemea, miongoni mwa mamia ya watahiniwa wa shule. Ulikuwa mtihani wa hesabu. Alisoma swali la kwanza na, bila kujua anachofanya, akaanza kulieleza kwa sauti, kama alivyozoea nyumbani. Msimamizi akamjia mbio.

"Binti! Unaongea na nani?"

"Na baba."

"Baba yako yuko wapi?"

"Nyumbani."

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Alihamishwa akakalishwa karibu na mlango, akakatazwa kufungua mdomo, na hesabu akaanguka. Masomo mengine yote alifaulu, lakini mtaani habari iliyosambaa ni ya yule binti aliyeongea na babake asiyekuwepo. Hapo ndipo jina la Mkuu wa Shule lilipozaliwa.

Marehemu hakumlaumu mtu, wala hakuyumba. Alisema mtoto anajua hesabu. Asichojua ni ukumbi. Basi kila Jumamosi meza ya kukatia iliondolewa vitambaa, viti vikapangwa mbalimbali, na usimamizi akapewa mtu mkali kuliko wote aliowafahamu: Shangazi. Alikubali ili athibitishe kuwa ni upuuzi, akajikuta anaifurahia kazi. Alikuja na kengele. Alikagua viatu. Siku moja marehemu alipiga chafya akiwa kwenye cherehani, Shangazi akamnyooshea kidole: "Wewe wa nyuma! Ukirudia nakutoa nje!" Katika ukimya huo watoto walijifunza kumweleza baba yao moyoni, midomo imefungwa. Mwaka 2015 binti alirudia hesabu na kufaulu kwa alama ya juu. Aliingia chuo kikuu mwaka 2017 na leo ni mpima ardhi. Mdogo wake alimfuata mwaka 2019, naye sasa ni mwalimu wa fizikia. Shangazi hadi leo anamtania: "Baba yako alikutoa shuleni kwa kelele zote zile, na wewe ukarudi kwa miguu yako."

Akabaki kitinda mimba, na kwake marehemu aliweka nadhiri iliyojulikana na nyumba nzima: watatu wote wataingia chuoni wakitokea kwenye meza ile.

Mwanzoni mwa mwaka 2024 alianza kuishiwa pumzi akipanda ngazi ya kutundikia. Mwezi Machi aligundulika kuwa na ugonjwa wa kukakamaa kwa mapafu. Alirudi kutoka kliniki, akaketi mezani, akamwita kitinda mimba. "Daktari amenieleza, ila alikuwa na haraka. Hebu nieleze wewe."

Binti alisoma siku mbili kabla ya kusimama mbele yake. "Mapafu yanatakiwa yawe laini, Baba, yavutike. Yako yanaota makovu, yanakuwa magumu kama kola iliyobandikwa kitambaa kigumu ndani kwa gundi."

"Na ile gundi haitoki."

"Haitoki, Baba."

"Kwa hiyo nimekuwa kola," akasema, na wote wawili wakacheka hadi mama akaja kuuliza kulikoni. Kisha akasema, "Imeeleweka." Kuanzia siku hiyo hakuna aliyelazimika kumficha lolote.

Mwezi Oktoba alilazwa, akiwa anapumua kwa barakoa ya oksijeni. Mitihani ya mwisho ya sekondari ya juu ilikuwa inakaribia, na binti akaiambia familia kwamba ataiahirisha hadi mwaka ujao. Alikuwa na sababu nzuri, na mama yake alielekea kukubali. Lakini aliyekuwa anaogopa kumwambia ni baba yake, na bila yeye kukubali jambo hilo lisingekuwa jambo. Alisimama kando ya kitanda akaeleza: kwamba hawezi kusoma nyumba ikiwa tupu, kwamba hakuna wa kumweleza, kwamba mwaka mmoja si kitu. Marehemu alimsikiliza, barakoa usoni, kichwa kikitikisika taratibu. Binti akaendelea. Na kama ilivyomtokea mama yake wodini miaka ile, alipofika katikati ya maelezo akaisikia kasoro mwenyewe.

"Ila wewe upo," akasema. "Nasema hakuna wa kumweleza, na nakueleza."

Marehemu akatikisa kichwa. Jioni ile masomo yakahamia wodini. Wauguzi walizoea kumkuta binti amesimama miguuni pa kitanda akieleza msukumo wa damu, na mgonjwa akiitikia kwa kichwa. Mgonjwa wa kitanda cha pili alianza kuuliza maswali yake.

Mtihani wa mwisho ulikuwa Jumanne, tarehe 26 Novemba. Binti alitoka ukumbini moja kwa moja hadi hospitalini na kumweleza baba yake karatasi nzima, swali kwa swali. Katika swali la nne mkono wa marehemu ukapanda hadi kwenye barakoa, kama ulivyokuwa ukipanda kwenye pini. Binti akanyamaza, akafikiri, akajishika kichwa. "Nimegeuza mishale kwenye mchoro! Ee Mungu wangu." Marehemu akaushusha mkono, mabega yakicheka, akamwashiria aendelee. Hakurudi tena kwenye swali hilo.

Alipomaliza, marehemu aliivua barakoa. Muuguzi akataka kumzuia. Mkewe, ambaye amekuwa mkunga maisha yake yote na anajua wakati wa kungoja, akamshika muuguzi mkono.

"Na huko chuoni," marehemu akauliza, "utamweleza nani?"

Binti hakuharakisha. "Nitamtafuta ambaye hajaelewa," alisema. "Mmoja hatakosekana, Baba. Nitamkalisha, nimweleze mpaka atikise kichwa."

Marehemu alitikisa kichwa. "Imeeleweka," akasema, akarudisha barakoa mahali pake kwa mkono wake mwenyewe.

Alifariki alfajiri ya Alhamisi, tarehe 28 Novemba 2024, mkewe akiwa kando yake. Matokeo ya mtihani bado hayajatoka. Marehemu hakuyasubiri, na hakuonekana kuwa na wasiwasi nayo. Familia yake nayo haina. Juzi, kati ya waombolezaji waliojaa chumba cha mbele, mtoto wa jirani alikuwa ameshikilia daftari la hesabu asijue pa kulianzia. Kitinda mimba alisogeza vitambaa kwenye meza ya kukatia, akamvutia kiti. Shangazi alitaka kuwanyamazisha watu, akakuta wamekwisha kunyamaza.

Marehemu ameacha mke, watoto watatu, mkwe mmoja, mjukuu mmoja wa kiume, dada yake mkubwa, na mdogo wake wa kiume ambaye ni fundi bomba. Ameacha pia mafundi wawili aliowafunza, ambao wataiendeleza karakana, na madirisha mengi katika mji huu ambayo jua huingia kwa kiasi tu kile alichokipima.

Mungu ampe pumziko la amani, pale asipohitaji kuhesabu pumzi. Kazi yake hapa imeeleweka.