Wadudu Waliotoka Bila Jino

Akina mama wenzangu, na ninyi wazee mliojibanza karibu na mlango kana kwamba mna safari, poleni na kazi. Mwenyekiti amenipa nafasi niseme jinsi nilivyopona. Nitasema. Ila nawaambia mapema kwamba nimekuja na hasira, na bado haijaisha.

Mnanijua. Mimi ni yule wa kitalu cha miche kule Buganguzi. Nyanya, kabichi, nyanya chungu, wengi wenu mmepanda miche yangu. Kazi ile ni ya kuinama kutwa, na mwenzangu alikuwa chupa ya chai. Chai ya sukari hasa. Namwagilia tuta, napiga funda. Napalilia, funda jingine. Hivyo hivyo mpaka jua linazama. Nani aliwahi kuniambia kuna ubaya? Hakuna. Jioni nalala na utamu wake mdomoni.

Gego la chini likaanza kuuma. Kwanza nikinywa cha baridi tu, halafu likawa linauma lenyewe bila kuguswa. Majirani wakaniambia nivumilie, kila mtoto akizaliwa huondoka na jino la mama yake. Ndugu zangu, mimi nina mtoto mmoja tu. Na huyo ameshakua, bado anadai gego?

Mama mkwe wangu, ambaye ameniruhusu nimseme, akanihurumia. "Hao ni wadudu, mwanangu," akasema. "Twende tukawafukize."

Mnacheka kwa sababu mnakujua tulikoenda. Sitamtaja mtu. Kuna bakuli la maji, na katikati yake jiwe lililotoka motoni. Mzee mwenye kufukiza anatupa mbegu za ndulele juu ya jiwe, moshi unafuka, wewe unafunikwa khanga na kuachama juu yake. Unakohoa, machozi na mate yanamwagika. Khanga ikiondolewa unaonyeshwa majini: vidude vyeupe, vidogo, vimejikunja. "Hawa hapa," mzee akasema. "Wametoka." Nikafurahi. Nikawaanika wawili watatu, nikawatia kwenye kiberiti, nikawa nawaonyesha wageni.

Na maumivu yakaisha kweli. Hapo ndipo uongo ulipopata nguvu, maana nani atabishana na jino lililonyamaza?

Halafu siku moja nikaamka shavu limejaa. Kesho yake uvimbe ukashuka chini ya taya. Mdomo ukawa haufunguki, mate hayamezeki, nikilala chali pumzi inakata. Mama mkwe akataka turudi kwenye moshi. Mume wangu, Mungu ambariki, akakataa, akakodi gari mpaka Bukoba. Daktari wa meno alinitazama shingo tu akaanza kuita watu. Nilichomwa sindano, nikapasuliwa chini ya kidevu usaha utoke, na gego likang'olewa. Baadaye aliniambia kwamba ningechelewa kidogo, koo lingeziba. Mtoto wangu angebaki bila mama kwa ajili ya jino.

Nilipoweza kuongea nikamtolea kiberiti changu. Hakunicheka. Alisema, "Mama, ndani ya jino hakuna funza. Kuna vijidudu mdomoni mwa kila mtu, hata mwangu, vidogo mno, macho hayavioni. Ukila sukari navyo vinakula, halafu vinatoa tindikali. Tindikali ndiyo inayomung'unya jino." Akaniuliza nakunywaje chai. Nikamweleza mafunda yangu. Akasema mate hujaribu kulitengeneza jino kila baada ya kula, lakini mimi sikuyapa nafasi, kila funda lilianzisha uharibifu upya. Shimo lilipofika kwenye mshipa wa fahamu, likauma. Mshipa ulipokufa, maumivu yakanyamaza. Moshi haukuponya kitu. Jino lilikuwa limekufa, na usaha ulikuwa unajikusanya chini kimyakimya.

Nawaambia kweli, nilimsikiliza, lakini kiberiti sikukitupa. Nilikuwa nimewaona kwa macho yangu.

Nikarudi nyumbani. Msimu wa kupanda, naloweka mbegu za nyanya chungu. Huwa nabinya chache kwa ukucha kuona kama ziko hai. Nikabinya moja. Kikatoka kile kiini, cheupe, kidogo, kimejikunja. Nikakitazama sana. Nikaenda kuchukua kiberiti. Ndulele na nyanya chungu ni ndugu, mbegu zake zinafanana. Ninafanya kazi na vitu hivi kila siku, na bado nilionyeshwa nikaambiwa ni funza, nikashukuru.

Wiki hiyohiyo binti yangu, anayeanza shule, akalalamika jino. Gego la nyuma, lile la ukubwani linaloota bila jino jingine kung'oka, sisi tukidhani ni la utotoni. Nikatoka kitaluni nikakuta bibi yake ameshamvalisha viatu, wanakwenda kufukiza.

"Mama," nikasema, "kaa kwanza."

Nikachuma ndulele palepale uani. Nikaweka bakuli la maji, jiwe la moto, mbegu. Nikafunika kwa khanga. Binti nilimsimamisha mlangoni, mbali. Hapakuwa na mdomo wa mtu mle ndani. Moshi ulipoisha nikafunua.

Vilikuwa vinaelea. Vyeupe, vimejikunja.

Mama mkwe aliinama akachungulia. "Mawe, mama wee," akasema. "Hawa wametoka kwa nani?"

"Kwa ndulele, Mama."

Alichovya kidole, akakigusa kimoja. Halafu akauliza polepole, "Na meno yangu je?"

Yeye alifukizwa tangu usichana. Likiuma anafukizwa, likinyamaza anashukuru, likivunjika anang'oa kipande kwa kidole. Sasa hana hata gego moja.

Binti tulimpeleka Bukoba, shimo likazibwa likiwa bado dogo. Jino lile atakuwa nalo mpaka uzee akilitunza. Tunapiga mswaki asubuhi na kabla ya kulala, kwa dawa ya meno yenye floraidi, na mimi nasimama naye maana mtoto wa umri ule hulowesha tu mswaki. Akishatema hasukutui sana, dawa ibaki. Baada ya hapo hakuna kitu kitamu tena. Chai ya sukari tunainywa pamoja na chakula, kitaluni nabeba maji. Na tunakwenda kukaguliwa hata kama hakuna kinachouma.

Namshukuru mume wangu, yule daktari, na ninyi mliomwagilia miche yangu nilipokuwa wodini. Lakini nyumba ile ya moshi bado ina foleni. Kabla hujampeleka mwanao, chuma ndulele ujaribu mwenyewe jikoni.

Mama mkwe wangu ni yule pale mbele, mwenye kitambaa cha bluu. Tukimaliza mtapitisha akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, kama kawaida. Mtamwona akipokea, akishukuru, halafu akizifumbata tu punje zile kiganjani. Msiseme ni uzee. Kasinge, waitu, asanteni ndugu zangu.