Nusu Sauti Chini

Alhamisi, saa tisa na dakika kumi alasiri, mama aliuchomoa mrija wa oksijeni puani, akawaita wanawe wawili. Binti, aliyekuwa ameshaiambia bendi yake kwamba haimbi tena, aliketi ukingoni mwa kiti. Kaka yake, fundi cherehani, alisimama mlangoni.

“Sikilizeni, wanangu, msinikatize, pumzi iliyobaki naijua mwenyewe. Nyumba ni yenu wote wawili, asiwepo wa kumwambia mwenzake hama. Magauni yangu ya jukwaani, wewe fundi, yafumue upate vitambaa. Sasa nije kwako, binti yangu, na uache kunyoosha hilo shuka, halijakukosea kitu. Unasema sauti imekukimbia, noti ya juu inapasuka mbele za watu. Haya. Nilikuwa na miaka arobaini na mmoja, naimba jazi na soul kwenye ukumbi wa hoteli, kila mtu ananisifu kwamba sauti yangu haizeeki, nami nikavimba kichwa. Siku moja mazoezini mpiga piano, mdogo wake baba yenu, alichelewa, mpiga besi akakaa kwenye piano, akaanza wimbo wangu kama tulivyourekodi. Nikakwama. Nikamwambia, ‘We bwana, umepandisha!’ Akacheka: ‘Dada, huu ndio wenyewe. Mwenzetu wa piano anakushushia wimbo nusu sauti kila baada ya miaka miwili mitatu. Bendi nzima tunajua.’ Bendi nzima! Na baba yenu pia alijua! Mpiga piano alipoingia nilimfukuza kabla hajavua koti. Akasema, ‘Shemeji, nilikuwa nakufuata pale sauti ilipohamia.’ Nikamwambia naye ahame. Miaka ishirini na sita sijamsalimia. Nikaimba kule juu kwa ukaidi miezi minane, nikaumiza koo, na niliposhuka kwa kukosa njia nyingine nikakuta maneno ambayo sikuwahi kuyasema vizuri, kwa haraka yangu ya kuifikia noti. Ndipo nikaanza kujifunza kuimba, tena kwa hasira, na mpaka mwezi uliopita nilikuwa bado natafuta pa kuvutia pumzi katika wimbo niliouimba miaka hamsini. Sijatulia, na msiniombee kutulia.”

Alikohoa. Binti aliinuka, mama akamwonyesha kiti kwa kidole.

“Kitabu cha nyimbo ni chako. Usiziimbe kama nilivyoziandika. Mtafute mpiga piano, mwambie nilikosea, usimpambie maneno. Muulize sauti yako… yako imehamia wapi. Mungu awape kazi isiyowachosha kujifunza, awape na… na pumzi ya kuifanyia. Nirudishie mrija, mwanangu.”

Asubuhi iliyofuata binti alipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, kwa mpiga piano, akabisha hodi. Mzee aliyefungua alikuwa na povu la kunyolea kwenye shavu moja. Maneno yote aliyoyapanga njiani yakamtoka kichwani.

“Shikamoo, baba mdogo. Mama anasema alikosea.”

“Yu hai?”

“Yu hai.”

“Basi nivae viatu. Hayo ataniambia mwenyewe.”

“Kwanza nipigie wimbo wa mama,” binti alisema.

Mzee alimtazama, akafuta povu kwa kiganja, akaketi kwenye piano, akaushusha wimbo nusu sauti. Binti akaimba. Noti ikapasuka. Mzee akanyanyua vidole, akangoja.

“Chini zaidi,” binti akasema, akaanza upya.