Mumbere Bénit, Mwenye Kurudilishia Bantu Sauti Yao

Bandugu, bajirani, bapasta, bote benye muko hapa pa kilio ku Hewa Bora, na wewe mama Kahambu Précieuse mwenye unatusikia ku téléphone kutoka Butembo, nimesimama mimi Gracia Mwelwa, muke wa marehemu, kusoma maisha yake, na ninajua mujane anapashwa kukaa pa mukeka na kunyamaza, kazi hii ni ya upande wa mwanaume, lakini vita imefunga njia, badogo wake hawakuweza kutoka kule, baba mudogo Lucien sauti imemukatikia juu ya kulia, njo maana bazee balinipa karatasi bakasema: Soma wewe, lakini soma paka tu ile yenye iko pale.

Mumbere Bénit alizaliwa ku Butembo tarehe 14 mwezi wa nane 1988, mutoto wa kwanza wa mama Kahambu na baba Muhindo, muchuuzi wa maharagi, mwenye alitutangulia. Alisoma primaire kule kule, na mu 2004, vita ya wakati ule ilipotulia na ndege zikaanza tena kupita, baba yake alimutuma huku Lubumbashi kwa mudogo wake Lucien, mwenye alikuwa anafungua depot yake ya kwanza, Bénit akalala muaka muzima juu ya magunia ya muchele, akamaliza secondaire hapa Kampemba, akapata diplôme d'État mu 2008, na masomo ya mawasiliano akayamaliza mu 2011.

Kazi aliianza mu 2012 ku radio moja ndogo ya Katuba, kule balimulipa na asante, na mu 2014 akatoka, akawa journaliste indépendant, maana yake yeye njo camera, yeye njo micro, yeye njo mwandishi, yeye njo chauffeur wa kinga yake, ile baiskeli, velo ya buluu munaijua bote. Mu 2017, bantu benye balikimbia vita ya Kasaï bakashuka ku gare ya treni na bifurushi na batoto, alikaa nabo chini siku nzima kabla ya kutosha micro mu mufuko. Wakati wa uchaguzi alifuata bakubwa mpaka ku Likasi na Kambove. Aliongea juu ya maji, juu ya bamama ba makala, juu ya bachimbaji benye mashimo inabaangukia. Na alikuwa na desturi yake moja: mutu akimaliza kusema, Bénit anamurudilishia sauti yake yote, asikie, anamuuliza, njo vile ulisema, na mutu akisema futa, anafuta mbele ya macho yake. Mukubwa moja alisikia sauti yake mwenyewe ikiahidi robinet ya maji mu kila avenue, akashituka, akauliza: Nani alisema hivi?

Mimi alinikuta ku robinet ya Katuba mu 2016, ndoo ku kichwa, akaniuliza juu ya maji, nikasema mingi, munanijua, nikisema ninakimbia, kisha akanirudilishia, nikasikia ile sauti, nikamuambia, weye papa, huyu si mimi, huyu ni kuku anafukuzwa, futa! Akafuta. Kesho yake akarudia kuniuliza tena. Tulifunga ndoa tarehe 4 mwezi wa nane 2018, na siku ya mahari yaya, mukubwa wa baba yangu, mzee Mwansa, alimuambia: Wewe wa bantu ba biashara, tunataka mbuzi ya kweli, usituletee picha ya mbuzi. Mungu alitupatia batoto babili, Abigaëlle, tarehe 11 mwezi wa sita 2019, na Chola, huyu mwenye iko ku mugongo wangu, tarehe 2 mwezi wa kumi na moja 2024.

Mu mwezi wa kwanza wa muaka huu, 2025, Goma ilipoanguka mu mikono ya baasi, alienda nyumba kwa nyumba kukamata sauti za bantu ba kule benye banaishi huku, benye kupiga téléphone mchana kutwa bila kujibiwa, na hapa kwetu bamoja bakaanza kusema, nyinyi ba kule, muko ba upande wa nani, bakatupa mawe ku mulango wa depot ya baba mudogo. Nilimuambia, tutoke. Butembo vita ilikuwa inaikaribia. Kasumbalesa, ku mupaka, balitaka ma-documents yenye batoto hawana. Kwetu Katuba balinijibu, kuya na batoto, lakini bwana yako hapana, na mzee Mwansa iko hapa, anajua sidanganyi, aliogopa sawa vile mimi niliogopa. Bénit alicheka, akasema: Mwelwa, njia zote nimeisha kuzikamata picha, hakuna yenye kufunguka.

Mu mwezi wa tatu alienda Kambove, bulldozer ilikuwa imevunja nyumba za bachimbaji, akabarudilishia sauti zabo moja moja, hakuna mwenye alisema futa. Reportage ilipita. Tarehe 9 mwezi wa ine, mchana, mbele ya depot, gari bila plaque ya namba ilisimama, bakamupandisha ndani, hii haiko ku karatasi, mama Kahambu, unisamehe, na tarehe 12 alirudia na miguu yake, bila camera, bila velo, akaniambia paka neno moja tu: Funga.

Ku karatasi imeandikwa, na ninasoma vile iko: marehemu alikufa tarehe 21 mwezi wa ine 2025, siku ya pili ya Paska, na ugonjwa mufupi.

Jamaa inashukuru munganga mwenye alimupokea na hakutuuliza mambo mingi, inashukuru bajirani ba Hewa Bora, hata benye mawe ilitoka kwabo, bamekuya na sufuria ya bukari, bamekuya na maji, inashukuru wababa ine benye balimuosha, bakamuchagulia chemise ya mikono mirefu, bakafunga vifungo yote mpaka ku shingo, inashukuru bajournaliste wenzake, na inashukuru bale babili benye banakaa pale nyuma tangu jana, hawakutupatia mukono, hatujui majina yabo, lakini kilio haifukuzake mutu.

Mwenzake Jeannot anakamata sauti yangu sasa, juu mama Kahambu asikie tena kama réseau imekatika. Bénit angekuwa hapa, angenirudilishia yote hii, angeniuliza, Mwelwa, ule ugonjwa mufupi, njo vile ulisema? Na mimi ningemupa lile jibu la siku ya ku robinet.

Lakini mwenye kurudilisha tunamuzika leo, karatasi imeisha, na mimi nitaingia mu nyumba na batoto. Lala na amani, baba Abigaëlle, pumzika. Mulango nimeufunga vile uliniambia.