Bwana Kwanini na Fungu Lisilokuwemo Ramanini

Tunayemsindikiza leo, Luteni Kamanda mstaafu wa jeshi la wanamaji, alizaliwa tarehe 14 Aprili 1948, mtoto wa tatu kati ya sita wa baba fundi saa na mama mshona nguo. Walikaa vyumba viwili nyuma ya duka la baba. Mama yake alipenda kusema kwamba watoto wengine huanza na "mama", huyu wake alianza na "nini hii?" Huenda alitia chumvi, lakini hakuna aliyewahi kumbishia. Alipokuwa na miaka sita alifungua saa ya ukutani ya mteja ili amwone anayegonga humo ndani. Baba yake hakumchapa. Alimketisha kwenye kigoda na kumwambia hatoki mpaka saa itembee. Ilirudi kwa mwenyewe ikiwa imepungukiwa skrubu moja, na ikatembea vizuri kuliko mwanzo, jambo ambalo baba mtu hakuwahi kulielewa mpaka anafariki.

Alianza shule mwaka 1956, na kuanzia 1964 hadi 1967 alisoma sekondari ya bweni. Mwalimu wake wa sayansi alimweleza kwa maneno matatu tu: "Hodari, lakini anachosha." Marehemu aliwasimulia wageni maneno hayo kwa fahari, kama mtu aliyepewa nishani. Bahari aliiona mara ya kwanza akiwa na miaka kumi na saba, kwenye safari ya shule. Wenzake walikimbilia kuogelea. Yeye alikaa kwenye ngazi za gati, akatazama maji yanavyopwa, kisha akamuuliza askari wa majini aliyekuwa akikunja kamba, "Sasa yanakwenda wapi?"

"Jiunge na sisi, ukayafuate," askari yule akamjibu. Alidhani anamfukuza, kumbe ndiyo kwanza anamwandikisha.

Alijiunga na jeshi tarehe 3 Machi 1969, akapata mafunzo ya uofisa hapa nyumbani na ng'ambo, na akarudi akiwa stadi wa kuongoza meli kwa ramani na dira. Ni huko jeshini alikopewa jina la Bwana Kwanini, na haikuwa kwa kumsifu. Wakubwa waliona maswali yake ni ukaidi. Mabaharia waliokuwa chini yake waliyaogopa kwa sababu nyingine: alikuwa akisubiri jibu.

Mkewe alimpata kwa simu. Mama huyu alikuwa opereta wa simu katika ofisi ya bandari, na siku moja mwaka 1975 ofisa mmoja alipiga kuulizia hali ya hewa. Alipojibiwa, hakukata.

"Na wewe sauti yako imekauka kwa nini?"

"Nina mafua, afande. Kuna lingine?"

"Lipo. Umekunywa dawa gani?"

Walifunga ndoa tarehe 11 Desemba 1976. Mama amekuwa akisema kwamba alikubali kuolewa ili laini ya bandari ipumue. Mungu aliwajalia watoto watatu, na nyumba yao ilikuwa ya kelele, kwa sababu wote watatu walimrithi baba.

Mwaka 1983 marehemu alipewa meli yake. Ilikuwa meli ndogo ya doria, ya zamani, yenye injini iliyokohoa asubuhi, lakini ilikuwa yake, na tangu alipokaa kwenye zile ngazi za gati hakuwa ametamani kitu kingine. Aliipenda waziwazi. Alijua mlango gani unalia na ngazi gani imelegea, na mke wake alimtania kwamba amemletea mke mwenza wa chuma.

Hapa wasifu huu unafika mahali ambapo baadhi ya ndugu waliomba parukwe. Baba mdogo wa watoto alipendekeza iandikwe tu kwamba mwaka 1985 marehemu "alihamishiwa ofisini kutokana na utaalamu wake". Mjane alikuwa amekaa kwenye kochi siku nzima. Aliposikia hivyo akanyanyua kichwa.

"Mkiruka hapo, mtakuwa mnamzika mtu mwingine."

Basi ukweli ni huu. Alasiri ya tarehe 22 Agosti 1985, akirudi kutoka doria, marehemu aliona maji yamebadilika rangi mahali ambapo ramani ilionyesha kina kirefu. Utaratibu ulimtaka atoe taarifa na kupita mbali. Yeye aliamuru injini ipunguzwe, akasogea akaone. Akasogea tena kidogo. Maji yalikuwa yanapwa, na kabla hajaridhika, meli ikakaa juu ya fungu la mchanga, ikapwelewa, imeinama upande mmoja mbele ya mji mzima. Hakuna aliyeumia. Mabaharia walimtazama nahodha wao wakingoja aonyeshe haya. Akawaambia washuke na vyuma vya kukwangulia, wasafishe tumbo la meli, maana nafasi ya kulifikia bila kuipandisha meli chelezoni haiji kila siku. Maji yalipojaa, meli ilielea ikiwa safi kuliko ilivyotoka kiwandani.

Usiku wa kuamkia baraza la uchunguzi, fundi mkuu wa mitambo, rafiki yake wa kufa na kuzikana, alimjia nyumbani.

"Afande, hili niachie mimi. Nitasema usukani ulikwama. Usukani hauna mdomo wa kukanusha, na meli inabaki kuwa yako."

"Na fungu?"

"Fungu achana nalo. Watadhani ni mojawapo ya yale yaliyomo ramanini."

"Ndiyo shida yenyewe. Feri inaanza mwezi ujao, na njia yake inapita palepale."

Fundi mkuu alijua, kama marehemu alivyojua, kwamba usukani ukibeba lawama, hakuna atakayekwenda kupima kina cha pale. Kesho yake mwenyekiti wa baraza alimuuliza kwa nini hakupita zake. Marehemu alijibu, "Nilitaka kujua, mheshimiwa. Na sasa ninajua." Baraza liliamua kwamba amezembea, likamnyang'anya meli. Hakuna aliyeweza kusema limekosea.

"Umeitoa meli yako kwa ajili ya mchanga?" mkewe alimuuliza siku hiyo.

"Si mchanga wote. Ule mmoja tu."

Mama hakucheka. Walihama kutoka nyumba ya maofisa yenye bustani kwenda ya vyumba vitatu, na kwa muda mrefu chakula kililiwa kimya.

Marehemu alipelekwa idara ya upimaji wa bahari, kwenye chumba kilichokuwa chini ya ngazi. Kazi yake ya kwanza aliiomba mwenyewe: kulipima lile fungu. Liliingizwa ramanini, likawekewa boya, na njia ya feri ikasogezwa kabla haijaanza safari. Baada ya hapo alipima mafungu mengine mengi hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 1998. Wenzake wa darasa moja walipanda hadi vyeo vya juu. Yeye hakupewa meli tena, na iliuma. Binti yake mkubwa, ambaye ndiye anayeyasoma haya, alimkuta mara kadhaa nje ya lango la bandari, ameshika gazeti asilolisoma, akiitazama meli yake ikitoka na nahodha mwingine.

Mwaka 2019 alipatikana na ugonjwa wa moyo. Daktari alipomwonyesha picha ya moyo wake unavyopiga, aliomba arudishiwe mwanzo. "Mzee," daktari akamwambia, "kawaida mimi ndiye ninayeuliza." Januari mwaka 2023 alilazwa. Katika siku zake za mwisho alimgeukia mkewe na kumuuliza kama bado ana hasira juu ya ile meli.

"Hasira?" Mama akasema. "Iliisha siku niliyopanda feri na watoto, nikaliona lile boya linapita pembeni."

"Miaka yote hiyo! Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza."

Alicheka mpaka muuguzi akaja. Alifariki alfajiri ya tarehe 9 Februari 2023, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, kitukuu mmoja, kaka mmoja na dada wawili. Ameacha pia abiria wa feri, maelfu kwa maelfu, waliovuka wakisinzia, wakinyonyesha, wakigombania siti za dirishani, ambao hawakuwahi kupata sababu ya kumfahamu.

Mola amlaze pema, na ampe majibu yote.