Baba Hauzwi: Kumuaga Bi Nhạn wa Dirisha la Majina

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni 2024, Bi Lục Thị Nhạn anastaafu baada ya kuhudumu katika Ofisi ya Majina ya Tovuti ya Lá Ngô, hapa Buôn Ma Thuột, kwa miaka ishirini na mitatu na miezi minne. Wafanyakazi wenzake wameniomba niandike wasifu huu kwa niaba ya wateja. Walisema wao wangemwaga sifa tu, ilhali familia yetu ina ushahidi.

Bi Nhạn alianzia posta, kwenye dirisha la telegramu. Watumaji wengi walikuwa wabahili na hawakuandika alama za juu na chini ya herufi zinazobadili sauti na maana ya neno, ingawa bila alama hizo lugha yetu hugeuka fumbo. Siku moja askari kijana alipokea maneno mawili, “me om”, akayasoma mẹ ốm, mama mgonjwa. Alitoka mbio huku akilia. Bi Nhạn alipiga simu posta ya kijijini kwao kuuliza, kisha akamkimbilia barabarani na kandambili mkononi.

“Wewe kijana, rudi! Mama haumwi! Ni mẹ ôm, anakukumbatia!”

Ofisi hii ya majina ilipofunguliwa mwaka 2001, yeye ndiye aliyekalia dirisha la kwanza. Majina ya tovuti nayo huandikwa bila alama. Siku hizi yenye alama yanaruhusiwa, lakini ni nani ana subira ya kuziandika? Kwa hiyo aliweka desturi yake: hakuna mteja aliyeondoka na jina kabla ya kusomewa kwa sauti maana zake zote. Fundi cherehani mmoja alitaka “mayao”, yaani may áo, kushona mashati. Bi Nhạn alimwonya kwamba wengine watasoma máy ảo, mashine pepe, ile iliyomo ndani ya kompyuta tu.

“Shangazi, nimekuja kununua jina, sikuja kupimwa masikio!”

“Keti, mwanangu. Masikio napima bure.”

Fundi hakusikia. Wiki iliyofuata alipigiwa simu na wataalamu wanne wa kompyuta, na hakuna hata mmoja aliyetaka shati.

Mama yangu, Thoan, muuza parachichi, alinunua “banbo”. Kwetu ni bán bơ, kuuza parachichi. Bi Nhạn alimwambia kwamba pia ni bán bò, kuuza ng'ombe, na pia bán bố, kuuza baba. Mama alicheka mpaka akashika meza. Baba, aliyekuwa amemsindikiza, hakucheka.

Basi, mwanzoni mwa Juni 2019, maparachichi yakiwa yameiva na miti imeinama, oda zilikatika ghafla. Tani moja na nusu ilikuwa bandani, na parachichi halisubiri mtu. Baada ya siku tatu tu, mavuno ya mwaka mzima yangekuwa uji. Mama alifungua tovuti yake akakutana na fahali akimkodolea macho. Jina lilikuwa limekwisha muda, na mfanyabiashara wa ng'ombe, Bwana Cấn Đình Sửu, alikuwa amelinunua.

Mama alifika dirishani akiwa na kikapu cha parachichi na hasira.

“Dada Nhạn, mbona hamkuniarifu?”

“Nilikuarifu, mdogo wangu. Nilituma ujumbe mara tatu.”

Mama alitafuta kwenye simu. Ujumbe ulikuwepo: “GIA HAN BANBO”. Ofisi ilikuwa imemaanisha gia hạn, ongeza muda. Mama alikuwa amesoma giá hàn, bei ya kuchomelea vyuma.

“Nikadhani ni tangazo la fundi wa mageti,” alisema. “Nikajiuliza, huyu ananing'ang'ania nini na sisi geti letu ni la mianzi?”

Bi Nhạn aliichukua simu akasoma. Ujumbe ule aliutuma mwenyewe, kwa mkono wake mwenyewe, bila alama hata moja. Mtu aliyewasomea wengine kwa miaka kumi na minane alikuwa amesahau kujisomea. Wenzake wanasema hiyo ndiyo siku pekee aliyokosa hamu ya chakula cha mchana. Hakujificha, hata hivyo. Alisema mbele ya wote, “Kosa ni langu,” kisha akampigia Bwana Sửu simu aje ofisini.

Kisheria Bwana Sửu alikuwa sahihi, kwa kuwa jina huria ni la anayewahi. Lakini aliingia akionekana kama mtu ambaye hajalala.

“Kaka Sửu, nirudishie jina langu,” Mama alisema.

“Nimelinunua kihalali, dada. Silirudishi!”

“Na biashara inaendaje?” Bi Nhạn aliuliza kwa upole.

Bwana Sửu alikaa chini. “Tangu nilinunue sijauza hata ukwato. Wananipigia alfajiri: ‘Mjomba, nataka kilo tano, ziwe laini, ngozi isiwe na madoa.’ Mwingine kaniuliza kama ng'ombe wangu wanafaa kusagwa na maziwa ya kopo. Jana mama mmoja kasema nyumbani ana baba, anakoroma, je, tunanunua kwa kilo au mzima mzima?”

Ofisi nzima iliangua kicheko. Bi Nhạn alisubiri kitulie, akachukua karatasi, akachora mlango mmoja wenye vyumba viwili: kushoto parachichi, kulia ng'ombe. Jina libaki la Bwana Sửu, Mama alipie nusu ya ada, na kila mteja achague chumba chake.

“Ng'ombe awe mkubwa zaidi,” Bwana Sửu alidai.

“Hata mimi sijawahi kuona parachichi linalomzidi ng'ombe,” Mama alijibu. “Sawa.”

Baba alikuwa na sharti moja, ndiyo maana hadi leo chini kabisa ya ukurasa pameandikwa, kwa alama zote: “Baba hauzwi.” Ukurasa ulifunguliwa jioni ileile. Kufikia kesho yake usiku, banda letu lilikuwa tupu, na Bwana Sửu alikuwa ameuza ndama wawili, mmoja kwa mtu aliyekuja kutafuta parachichi.

Tangu siku hiyo, ujumbe wa ofisi hii hauondoki bila alama, na Bi Nhạn ndiye aliyekuwa akiusoma kwa sauti kabla haujatumwa. Mimi mwakani naomba kusomea sheria ya majina. Natumaini nitajifunza kusema “kosa ni langu” upesi kama yeye.

Bi Nhạn, wenzako wamekununulia jina la tovuti liwe zawadi yako: “banhan”. Wamelisoma kwanza kwa sauti, kama ulivyowafundisha. Ni bà Nhạn, Bibi Mbayuwayu, yaani wewe. Ukibadilisha alama moja, ni bà nhàn, bibi aliyepumzika. Asante kwa kutusomea. Tunakutakia siku ndefu, parachichi laini na simu chache. Na mtu akikuita kwa alama isiyo yako, safari hii tunakuomba usimsahihishe.