Mzee Mkia na Gari la Kumi na Tisa

Ndugu, majirani, mafundi, na nyie mliopaki magari hapo nje, huyu tunayemzika leo wengi mlimjua kwa jina la Mzee Mkia. Alilipata kazini na akalipenda, kwa hiyo ndilo tutakalotumia.

Alizaliwa tarehe 3 Mei 1967, mtoto wa tatu kati ya saba, kwenye nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stoo ya mbao. Baba yake alikuwa seremala. Dada yake mkubwa, yupo pale mbele, anasema asubuhi moja waliamka wakakuta toroli la baba limebandikwa vipande vya bati ubavuni. Marehemu alipoulizwa kwa nini, alijibu, "Ili lipendeze hata likiwa limesimama." Alichapwa. Bati hazikung'olewa.

Alianza shule mwaka 1975, akamaliza darasa la saba 1981. Hakufaulu, na hakuwahi kumdanganya mtu kuwa alifaulu. Mwalimu wa hesabu alimtoa nje kwa kuchora magari kwenye karatasi ya mtihani. Miaka ishirini baadaye mwalimu huyohuyo alileta gari lake gereji. Marehemu akamvutia kigoda: "Kaa, mwalimu. Leo nasahihisha mimi."

Kazi alijifunza kwa fundi bodi mmoja mkali kuanzia 1983. Alipiga msasa miaka sita kabla ya kuruhusiwa kugusa faiba, zile nyuzi za kioo za kutengenezea bodi. Mwaka 1991 akafungua gereji yake, ukuta mmoja na bati nne. Ukimletea gari la kawaida, la kwenda kazini na kurudi, analivisha bampa la mbele lililoinama, sketi za pembeni, na juu ya buti spoila, ambayo yeye aliiita mkia. Alichonga umbo kwa povu, akalaza faiba tabaka juu ya tabaka, puti ya kuziba mashimo, msasa, mpaka kiganja kiteleze. Mteja mwenye haraka aliambiwa, "Mdogo wangu, hizi si nywele. Nikikata vibaya hazioti."

Mke wake alikuwa mshona viti vya magari, kibanda cha jirani. Marehemu alimpelekea kiti kilekile kilichochanika mara tatu ndani ya mwezi mmoja. Mara ya tatu dada wa watu akamuuliza, "Kaka, hiki kiti unakikalia au unakila?" Walioana Jumamosi, tarehe 12 Agosti 1995, wakapata binti na mtoto wa kiume.

Sasa tunafika mahali ambapo maneno mengi yamesemwa, na mengi ni ya kijinga. Mwaka 2016 wateja walianza kukataa kutobolewa buti, eti gari halitauzika. Marehemu akakubali kufunga mikia kwa mkanda wa gundi, bila bolti. Alifunga kumi na tisa. Jumatatu, tarehe 20 Februari 2017, mmoja ulichomoka barabara kuu ukamvunja bega mwendesha pikipiki.

Kuna waliosema Mzee Mkia alikimbia. Wameze maneno yao. Alifika hospitali kabla ya polisi, puti bado iko kwenye ndevu, akasimama mbele ya kitanda: "Niliyeufunga ni mimi. Mwenye gari hana kosa."

Yule kijana wa pikipiki akamtazama. "Sawa, mzee. Ila ungekuja na maji ya kunywa basi." Wakawa marafiki. Leo amebeba jeneza kwa bega lile lingine.

Kesho yake marehemu alifunga gereji. Akapakia drili na bolti kwenye baiskeli, akaanza kuwafuata wenye magari mlango kwa mlango. Mmoja alimwambia, "Gari langu halitobolewi."

"Basi ng'oa mkia."

"Sing'oi."

Marehemu akapanda juu ya buti, akakaa hapo tangu saa nne mpaka saa kumi. Mwenye gari akatoka tena, "Huyu babu ana wazimu!"

"Ninao. Leta waya wa umeme."

Alifunga upya mikia kumi na saba. Ukijumlisha na ule ulioanguka, kumi na nane. Gari la kumi na tisa lilikuwa limeshauzwa, likauzwa tena, likapotea. Aliliulizia kwa waosha magari, kwa waziba pancha, kwa kila fundi. Mke wake anasema tangu siku hiyo hakuwahi kuona gari kwa mbele. Alikuwa anageuza shingo tu.

Kikohozi kilianza mwaka 2021. Daktari alisema ni vumbi la faiba, miaka yote ile ya msasa na kitambaa tu puani. Alilazwa tarehe 11 Septemba mwaka huu wa 2024, ghorofa ya tatu, kitanda cha dirishani. Shida ikaja hapo, maana dirisha lilitazama maegesho.

"Lile jeupe, shuka ukaangalie."

"Baba, lile ni la daktari! Halina mkia!" binti yake alifoka.

"Umeangalia vizuri?"

Alishuka. Kwa siku mara nne, mara tano, alishuka. Jumanne, tarehe 8 Oktoba, saa nne asubuhi, aliporudi juu kusema silo, baba yake alikuwa ameshaondoka.

Kwa hiyo tunasema hapahapa kaburini. Hilo la kumi na tisa ni gari dogo jeupe, milango minne, mkia mweusi wenye taa nyembamba nyekundu katikati. Kama ni lako, au la shemeji yako, au umeliona mahali, lilete gereji. Binti yake atafunga bolti, ni bure, na hakuna atakayekugombeza. Kama unalo na umenyamaza kwa sababu hutaki kutobolewa buti, wewe utagombezwa.

Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watatu, dada wawili, kaka mmoja, na mafundi kumi na moja aliowafundisha.

Lala, Mzee Mkia, shingo imechoka. Barabarani tutaangalia sisi.