Kasilda Ni Nani

Pale Kashaulili, mbele ya jiko la kahawa la Kasimu, palikuwa na gogo la mninga lililodondoka kutoka kwenye lori la mbao mwaka hamsini na tatu. Kwa kuwa hakuna aliyerudi kuliulizia, wanaume wenye nafasi wakalikalia, na kesi zote za Mpanda zikawa zinasikilizwa hapo kabla hazijawafikia wenye kazi yao. Mkubwa wa gogo alikuwa Severini. Huyu aliwahi kuitwa barazani mara moja tu kutoa ushahidi wa mbuzi, na tangu siku hiyo hakuacha kutoa hukumu. Watu wakamwita Hakimu kwa kumdhihaki, naye akaitika kweli. Pembeni yake alikaa Ubaldo, mwendesha winchi wa mgodi wa madini ya risasi, ambaye jina la Winchi lilimkaa kuliko la ubatizo. Kasimu mwenyewe alikuwa Mwislamu, mtu wa Karema huko ziwani. Aliwamiminia kahawa chungu na kuwasikiliza Wakristo wakibishana, jambo alilosema lina raha kuliko ngoma.

Jumamosi moja mchana akaja Dionizi, mwalimu wa kuimba wa misheni, anatembea kama mtu aliyekanyaga mwiba. Akaketi, akapokea kikombe, asinywe. Walipombana sana akatoboa.

Mambo yalikuwa hivi. Kesho yake Askofu anakuja kutoa kipaimara, na Padre alikuwa amemwagiza Dionizi atunge wimbo mpya wa Bikira Maria. Maskini akakaa na kinanda wiki mbili nzima, asipate kitu cha kumfurahisha hata kuku. Jioni moja akapita nyuma ya kilabu cha pombe cha Romana, akasikia walevi wanaimba ule wimbo wao wa kila siku, “Kasilda, meza.” Tuni ilikuwa tamu, Mungu amsamehe. Akaibeba mpaka nyumbani, akamtoa Kasilda, akamweka Maria, akaongeza “utuombee” pale ilipopungua, kazi ikaisha. Padre akaipenda mno. Akawa anaipiga mluzi juu ya pikipiki yake njia nzima mpaka Usevya.

Shida ilikuwa wanakwaya. Kule kilabuni, baada ya mstari wa kwanza watu hunyamaza kidogo, kila mtu anapiga funda lake, ndipo wanaendelea. Basi kanisani nako wakawa wananyamaza palepale, na kwaya nzima, sauti ya kwanza mpaka besi, inameza mate kwa pamoja. Padre akadhani ni uchaji. Lakini jana, katikati ya mazoezi, Fabiani wa besi akajisahau, akalitoa jina la Kasilda kwa sauti ya kutikisa madirisha. Padre akasimamisha kinanda, akauliza Kasilda ni nani. Dionizi, kijasho chembamba kikimtoka, akajibu kwamba ni mtakatifu wa zamani. Padre akafurahi. Akamwambia leo saa kumi amletee maisha ya huyo mtakatifu, ayasome mbele ya Askofu.

— Nikikosa jibu natimuliwa kwenye nyumba ya misheni, mimi na mke na watoto watano, Dionizi alisema. Nyie mnakunywa kule kila siku. Niambieni, Kasilda ni nani?

Gogo likachangamka. Hakimu akasema hilo swali ni dogo: Kasilda alikuwa mwanamke wa Tabora, mzuri kupita kiasi, aliyemfanya karani mmoja wa reli asahau kuondosha treni siku mbili, na abiria wakala mihogo yao yote humo mabehewani. Winchi akakataa katakata. Kasilda, alisema, ni jina la winchi ya kwanza pale mgodini, mashine yenye kiburi, haikuvuta kamba mpaka imwagiwe pombe mdomoni, na ndiyo maana iliambiwa imeze. Akaapa kwa marehemu bibi yake. Kasimu, ambaye kanisani hajawahi kutia mguu, akawaonea huruma wote wawili. Akasema kila mtu wa ziwani anajua kwamba Kasilda lilikuwa jahazi la kwenda Kongo, likamezwa na ziwa Tanganyika na dagaa wake wote wa chumvi, na hadi leo samaki wa upande ule wana chumvi.

Wakavutana mpaka birika la kwanza likaisha. Ndipo Hakimu akanyoosha mkono na kutoa hukumu ya kuwaridhisha wote. Kasilda, mwanamke wa Tabora, alitubu kwa ajili ya yule karani, akapanda jahazi akiwa amebeba mashine kuwapelekea maskini wa Kongo, akazama bila kumlaani mtu. Kwa hiyo ni mtakatifu, tena shahidi.

Na Dionizi, mtu aliyesoma, akatoa penseli akaandika. Hofu haina elimu jamani. Alisimama mahali pamoja tu, kuuliza kama aandike kwamba alikuwa bikira. Winchi akasema ndiyo. Hakimu akasema kwa habari za karani anavyozijua yeye, suala hilo liachwe wazi.

Hapo akafika Romana mwenyewe na kigae mkononi, anaomba makaa ya kuwashia moto. Kasimu akamkaribisha, akamwambia wazee wanamtafuta Kasilda.

— Kwani amepotea? Romana akauliza.

Hakimu akamsomea karatasi yote, toka Tabora mpaka kuzama. Romana alisikiliza mpaka mwisho, hakucheka. Akaweka kigae chini.

— Kasilda alikuwa mwanangu. Alikuwa na miaka mitatu, homa imemshika, kwinini hataki. Nikawa namwimbia, Kasilda, meza, halafu nanyamaza nimsubiri ameze. Akimeza, naendelea. Siku ya tatu nilinyamaza, hakumeza.

Winchi akatua kikombe chake kwenye gogo taratibu.

Romana akawaambia kwamba Padre yule wa kwanza, aliyerudi kwao, ndiye aliyembatiza mtoto pale kitandani jioni ile. Yeye mama mtu ubatizo alinyimwa, maana ni mke wa pili, lakini aliambiwa asilie, mtoto amekwisha kuwa malaika. Akaendelea kuuimba wimbo wake peke yake wakati wa kuchuja pombe. Wateja wakausikia, wakaushika.

Dionizi aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto. Akaanza kueleza kwamba tuni ameitumia kwa heshima, kwamba hata Askofu ataisikia, kwamba maneno mapya ni mazuri sana. Romana akamwacha amalize.

— Tuni chukueni, Mwalimu, sina neno. Ila walevi wangu wameimba miaka sita hawajamtoa mwanangu humo. Nyie wa kanisani mmemtoa kwa kosa gani?

Dionizi akamtazama Winchi, Winchi akamtazama Kasimu, na Kasimu akainama kuchagua makaa, akayachagua muda mrefu sana.